Msitu Unaopunguzwa Ndani ya Fuvu

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakiuka Katiba. Hicho ndicho kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2. Miongoni mwa waliofika mahakamani kukipinga walikuwamo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa akili nchini. Hoja iliyoshinda ni kwamba suala la afya haliwezi kugeuzwa kosa la jinai, na kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake ni kumbagua.

Uamuzi huo umeacha swali ambalo mahakama haina vifaa vya kulijibu. Ikiwa ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine wowote, uko wapi mwilini? Malaria huonekana katika tone la damu chini ya hadubini. Mfupa uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei. Lakini mzazi anayemleta mwanawe Moi Referral, hospitali kuu ya rufaa ya Eldoret, kwa sababu kijana ameanza kusikia sauti zisizosikiwa na mwingine, haonyeshwi kipimo cha namna hiyo. Anatajiwa jina la ugonjwa, anaandikiwa dawa, kisha anarudi mtaani kwa majirani ambao wamekwisha kukata shauri: amerogwa, au ni bangi, au amesoma kupita kiasi.

Majirani hao, pamoja na yote, wameona jambo moja la kweli, nalo ni umri. Skizofrenia, ugonjwa unaoandamana na sauti hizo, huwapata watu wapatao milioni 23 duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, yaani mtu mmoja kati ya kila 345. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Ndiyo maana habari zake hufanana kila zinaporudi magazetini: kijana aliyepita vizuri KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, fahari ya kijiji, amejiunga na chuo kikuu, muhula wa pili anajifungia chumbani, halali, anawashuku wenzake, na familia inapigiwa simu ije imchukue. Kwa nini wakati huo? Kwa nini si darasa la pili, wala si uzeeni?

Habari za dopamini, kemikali inayotajwa kila ugonjwa huu unapozungumzwa, hazitoshi hapa. Zinasaidia kueleza namna dawa zinavyotuliza sauti, tangu klopromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa mjini Paris mwaka 1952. Hazielezi kwa nini ugonjwa ungoje miaka 18 au 20 ndipo ubishe hodi. Jibu linalovutia zaidi lilianza kwa mtu aliyekaa kuhesabu.

Mtu huyo ni Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1979 alichapisha matokeo ya uchunguzi wa bongo 21 za watu waliokufa, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee wa miaka 90. Alichukua kipande kutoka sehemu ya mbele ya kila ubongo, nyuma ya paji la uso, akakitazama kwa hadubini ya elektroni na kuhesabu sinapsi, yaani mahali ambapo seli moja ya neva hukabidhi ujumbe kwa nyingine. Mtu angetarajia kwamba sinapsi huongezeka kadiri mtoto anavyojifunza kusema, kuhesabu na kuvuka barabara. Huttenlocher alikuta kinyume chake. Kilele kilikuwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi miwili, waliokuwa na msongamano wa sinapsi uliozidi wa watu wazima kwa takriban asilimia 50. Kuanzia hapo hesabu ilishuka utoto mzima hadi kufikia ujana.

Ubongo, basi, hukua kwa kupunguza.

Njia nzuri ya kuelewa kazi hiyo ni kupanda hadi Kaptagat, kwenye mashamba ya misonobari na saipresi yaliyo mwendo mfupi kutoka Eldoret. Miche hupandwa karibukaribu kwa makusudi, kwa kuwa hakuna ajuaye mapema ni ipi itakayonyooka. Miaka kadhaa baadaye afisa wa misitu hupita akiwa na kopo la rangi, akitazama mti mmoja baada ya mwingine. Uliopinda, uliodumaa, unaonyang'anyana mwanga na mwenzake mwenye afya, kila mmoja anautia alama shinani. Siku nyingine huja wakataji na misumeno. Wao hawapimi unyofu wa mti. Hutafuta rangi tu. Wenye alama unaanguka, usio na alama unabaki, na ile inayobaki hunenepa kwa sababu sasa ina nafasi. Tena msitu haupunguzwi wote kwa siku moja. Hupunguzwa kitalu kwa kitalu, na kitalu cha mwisho kinaweza kungoja miaka mingi baada ya cha kwanza.

Ndani ya fuvu, miti ni sinapsi. Zinazotumika mara kwa mara huimarika, na zisizo na kazi hutiwa alama. Wakataji ni seli ziitwazo mikroglia, ambazo ni walinzi wa ubongo: hutambaa humo saa zote, huzoa uchafu, humeza vijidudu, na zikikuta sinapsi yenye alama huimeza pia. Vitalu navyo hufuata zamu. Sehemu za kuona na kusikia humalizwa mapema, mtoto angali mdogo. Sehemu ya mbele, inayopanga, inayozuia pupa na inayopima lipi ni la kweli na lipi ni wazo tu, hufikiwa mwisho kabisa, na kazi huko huendelea hadi miaka ya ishirini. Umri uleule wa muhula wa pili chuoni.

Daktari wa Marekani Irwin Feinberg aliunganisha mambo hayo mawili mwaka 1982. Aliuliza kama skizofrenia haitokani na hitilafu katika upogoaji huu wa ujana. Lilikuwa wazo zuri lisilokuwa na pa kushika, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyejua rangi ni kitu gani.

Rangi ilijulikana mwaka 2007, na ilitoka mahali ambapo hakuna aliyeitazamia. Beth Stevens, akifanya kazi katika maabara ya Ben Barres huko Chuo Kikuu cha Stanford, alichunguza panya wachanga wakati nyuzi kutoka macho yao mawili zikigombea nafasi ndani ya ubongo. Kwa kawaida nyuzi za ziada huondolewa, kila jicho likabaki na eneo lake. Panya wasiokuwa na protini iitwayo C1q walibaki na nyuzi zilizochanganyika. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba C1q ni protini ya kinga ya mwili. Kwenye damu, kazi yake ni kuwapaka alama bakteria ili seli za kinga ziwatambue na kuwala. Inaonekana ubongo ulipohitaji wa kupogoa haukubuni zana mpya. Ulichukua ile ya kuulia vijidudu.

C1q ina ndugu wengi, nao hushika kazi kwa kupokezana. Kwa Kiswahili zingeweza kuitwa protini saidizi, lakini msaidizi anaweza kukosekana na kazi ikaenda. Hizi ndizo zinazoimaliza kazi iliyoanzishwa na kingamwili, na jina la protini kamilishi linazikaa vizuri zaidi.

Mmoja wa ndugu hao ni C4, na hapo ndipo hadithi inapomfikia mgonjwa. Wanajenetiki walikuwa wamejua kwa miaka kadhaa kwamba kwenye kromosomu ya 6 kuna eneo linalohusiana zaidi na skizofrenia kuliko eneo lingine lolote lenye tofauti za jeni za kawaida, lakini eneo hilo limejaa jeni za kinga zilizosongamana kiasi cha kutojulikana mkosaji. Mwaka 2016, Aswin Sekar na Steven McCarroll wa Harvard, wakishirikiana na Stevens, walitangaza kuwa wamempata. Walitumia takwimu za wagonjwa 28,799 na watu 35,986 wasio wagonjwa. Jeni ya C4 haifanani kwa watu wote: huyu ana nakala moja, yule mbili, mwingine tatu au zaidi, na ziko za aina mbili, A na B. Kadiri muundo wa jeni hizo ulivyofanya ubongo utengeneze C4A kwa wingi, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyopanda. Panya walionyimwa C4 walipogoa pungufu.

Turudi Kaptagat kidogo. Afisa aliyepewa makopo mengi kuliko kawaida atapaka alama hata miti iliyostahili kubaki, na wakataji hawatamuuliza kitu. Kosa hilo halitaonekana katika vitalu vya kwanza, vilivyokuwa na miti mingi ya kutosha. Litaonekana katika kitalu cha mwisho.

Ushahidi mwingine umeongezeka tangu hapo. Mwaka 2019, Carl Sellgren na Roy Perlis wa Boston waligeuza seli za damu za wagonjwa zikawa kama mikroglia, wakaziweka katika kisahani cha maabara pamoja na vipande vya sinapsi. Zilimeza sinapsi nyingi kuliko seli za watu wasio wagonjwa. Minosaiklini, kiuavijasumu wanachoandikiwa vijana wenye chunusi, ilizipunguzia ulaji huo, ingawa majaribio kwa wagonjwa wenyewe hayakuleta nafuu iliyotarajiwa. Mwaka 2020, Ellis Onwordi na wenzake wa London walipima alama ya sinapsi katika bongo za watu walio hai kwa picha maalumu, wakakuta ni pungufu kwa wagonjwa wa skizofrenia, hasa sehemu ya mbele. C4 peke yake haimfanyi mtu augue. Huongeza uwezekano kidogo tu, pamoja na jeni nyingine nyingi, na bangi nyingi katika umri mdogo nayo imo katika hesabu.

Sehemu hiyo ya mbele ina historia chungu nchini Kenya. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyesimamia Hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kuwa Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Alimfananisha na Mzungu aliyekatwa neva za sehemu hiyo kwa upasuaji. Hakuwa amehesabu sinapsi hata moja. Daktari wa akili wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, alikuwa miongoni mwa waliompinga.

Leo wagonjwa wa Kenya wameingia katika sayansi hiyo kwa mlango mwingine. Utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis, ulioanza kuandikisha washiriki mwaka 2018, uliunganisha Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret na kituo cha KEMRI cha Kilifi, Makerere, Addis Ababa na Cape Town, pamoja na Taasisi ya Broad ya Marekani. Upande wa Eldoret uliongozwa na Lukoye Atwoli, daktari wa akili ambaye Wakenya wengi wamesoma makala zake magazetini. Lengo lilikuwa wagonjwa 17,000 na watu 17,000 wasio na ugonjwa.

Kilichoombwa kwa kila mmoja ni mate. Kabla ya kutema, mshiriki alielezwa utafiti kwa lugha anayoielewa, kisha akaulizwa maswali: Utafiti huu unahusu nini? Je, unaweza kukataa? Aliyeshindwa kujibu alielezwa upya. Baada ya hapo alipewa kichupa cha plastiki, akatema hadi kipimo kilipofika, kikafungwa kwa kifuniko chenye dawa ya kuhifadhi DNA. Watu waliozoea kusemewa na ndugu zao, na kujadiliwa wakiwa wamekaa papo hapo, waliulizwa wao wenyewe kama wameelewa na kama wanakubali.

Mate hayo yanahitajika kwa sababu maalumu. Uchunguzi mkubwa wa jeni za skizofrenia uliochapishwa mwaka 2022 ulikuwa na wagonjwa 76,755, ukataja maeneo 287 ya jeni, lakini takriban robo tatu ya watu wake walikuwa wa asili ya Ulaya. Kwa watu hao, kipande cha kromosomu ya 6 chenye C4 hurithiwa kikiwa bonge moja pamoja na majirani zake, na ni vigumu kusema ni jeni ipi hasa inayofanya kazi. Binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingine kokote, na katika vizazi hivyo vyote mabonge hayo yamekatikakatika.

Faida ya hilo imekwisha kuonekana. Mwaka 2020, maabara ya McCarroll ilitumia DNA ya Wamarekani weusi kutenganisha C4 na majirani zake, ikaonyesha kwamba C4 nyingi, ileile inayoongeza uwezekano wa skizofrenia, humkinga mtu na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Iligundua pia kuwa nguvu ya C4 ni kubwa zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake, na skizofrenia yenyewe huwapata wanaume mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Sampuli za Eldoret, Kilifi na Kampala zinaruhusu swali hilo kuulizwa kwa Waafrika wenyewe: ni nakala ngapi za C4 walizo nazo, za aina gani, na je, kijana wa Eldoret anaugua kwa njia ileile iliyopatikana Boston? Pamoja nazo kuna mpango wa mafunzo uitwao GINGER, uliowafundisha watafiti chipukizi wa nchi hizo uchanganuzi wa jeni, ili kazi ya kuhesabu nakala hizo ifanywe pia na watu wanaoishi karibu na waliotoa mate.