Siku ine ndege za Kenya zililala chini

Ile Jumamosi, tarehe 5 Novemba 2022, tangu saa kumi na mbili asubuhi, marubani wa Kenya Airways walikataa kuruka. Pale Nairobi maelfu ya abiria wakabaki na mizigo yao mikononi.

Juu ya nini waligoma? Watu wengi walizani ni mshahara tu. Apana. Jambo kubwa lilikuwa akiba ya uzee. Mbele, kampuni ilikuwa ikiweka fungu lake kwa mfuko wa kila mfanyakazi. Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid ukasimamisha ndege, na kampuni ikaacha kulipa. Kisha ndege zikarudi hewani, lakini ile akiba haikurudi. Sendika yao, KALPA, ikauliza: mbona? Ikadai pia wakubwa fulani watoke.

Mkubwa wa kampuni, Allan Kilavuka, alikuwa na neno lake. Kampuni ilisema mgomo unaikulia karibu shilingi milioni 300 kila siku, na tribunali ilikuwa imekwisha kuuzuia. Serikali ya Kenya iko na karibu nusu ya kampuni, kwa hiyo hasara inamufikia hata mwenye kulipa kodi sokoni.

Tarehe 8, Jaji Anna Mwaure akakata: marubani warudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, bila masharti. Lakini akaongeza: wakubwa wasiwaazibu wala kuwatisha, kesi iendelee.

Haya yanatuhusu nini, sisi watu wa shimo? Wazee wa Katanga wanajua. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile inaitwa kuondoka kwa mapenzi, na wengi wao walilalamika miaka na miaka kama hesabu yao ilikatwa vibaya.

Rubani alikuwa na vitu vitatu: karatasi ya kazi, sendika, na jaji wa kumusikiliza. Kijana mwenye kuchimba Rubaya mara nyingi iko na neno tu la PDG wa shimo. Siku mgongo utakataa kuinama, nani atamulipa? Hiyo ndiyo ulizo ya kupeleka kwa koperative, mbele shimo halijakauka.