Sikio linalotoa usaha halitaki mafuta

Mtoto anatoka usaha sikioni, je, mafuta ya kitunguu saumu adondoshewe yakiwa ya moto au vuguvugu? Akina mama wa Kaloleni, Arusha, wananiuliza hili kila kukicha, na wengine hubishana mbele yangu juu ya idadi ya matone. Asidondoshewe hata moja.

Usaha ukitoka wiki mbili au zaidi, mara nyingi ngoma ya sikio imetoboka. Mafuta hayaishii nje kulainisha nta. Hupita tunduni hadi sikio la kati, chumba kidogo chenye mifupa mitatu inayopitisha sauti. Yanaingia na uchafu wa chupa na wa jikoni, na kuliacha sikio limelowa, hali inayostawisha vijidudu. Yakiwa ya moto, yanaunguza.

“Lakini jirani alipona!” Hakupona. Usaha wa sikio la namna hii hukauka wenyewe, kisha hurudi mafua yakija au maji yakiingia. Aliyedondoshewa siku mbili kabla haujakauka huyasifu mafuta. Tundu liko palepale, na mtoto asiyesikia vizuri darasani anaitwa mkaidi. Kudondosha maziwa ya mama au mkojo ni hadithi ileile.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Kwa wagonjwa wengine ngozi huota ndani ya sikio la kati, ikajikusanya kuwa uvimbe unaokula mfupa taratibu: mifupa ya kusikia, mfereji wa mshipa wa fahamu wa uso, hata mfupa unaotenganisha sikio na ubongo. Usaha wake unaweza kuwa kidogo, ila unanuka vibaya, na watu wakisikia uvundo huo wanaongeza mafuta! Hakuna tone, la duka la dawa wala la jikoni, linaloondoa uvimbe huo. Unaondolewa kwa upasuaji. Uso ukipinda, shingo ikikakamaa, homa ikipanda na kichwa kikiuma sana, ni hospitali siku hiyohiyo.

Basi, cha kufanya. Kausha sikio kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, ukibadilisha hadi kitoke kikavu, kisha weka matone ya siprofloksasini uliyoandikiwa. Ya jentamisini usijinunulie: yakipita tunduni yanaweza kuua usikivu. Wakati wa kuoga ziba mlango wa sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Anzia Kituo cha Afya Kaloleni, omba rufaa ya hospitali ya Mount Meru au ya KCMC Moshi. Tundu lisipojifunga, daktari huliziba kwa utando wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa karibu na sikio. Mfupa ukiwa umeliwa, husafishwa. Vifaa vya kupandikiza ambavyo hospitali ya Muhimbili ilianza kuviweka 2017 ni vya sikio la ndani lililoharibika sana, havizibi ngoma iliyotoboka. Na usikivu upimwe kabla ya upasuaji, majibu yatunzwe, tulinganishe baadaye.