Mashine ya CNC Inapokosea Kipimo: Kulisoma Kosa Kabla ya Kushika Spana

Reli ya tawi inayotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu ina upana wa milimita 1,000, ilhali reli ya TAZARA inayokutana nayo Kidatu ina upana wa milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 ni kubwa, lakini haimpotezi mhandisi kwa kuwa inajulikana na haibadiliki. Katika mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC, kosa la sehemu ya kumi tu ya milimita laweza kuharibu kazi nzima, hasa fundi asipojua ni kosa la namna gani. Jambo hili linaihusu wilaya ya Kilosa, yenye chuo cha ufundi stadi cha VETA Mikumi na kiwanda cha sukari cha Ruembe, kwani mitambo ya kusaga miwa haiendi bila shafti, bushi na gia zilizochongwa kwa kipimo sahihi.

Mashine nyingi za bei nafuu huendeshwa na mota ya hatua, ambayo husogea hatua moja kwa kila pigo la umeme inalopokea. Aina iliyoenea zaidi hupiga hatua 200 katika mzunguko mmoja. Kiendeshi, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoipa mota mkondo, kikiigawa kila hatua mara 16, mzunguko hukamilika kwa mapigo 3,200, na ikiwa skrubu inayosukuma meza huisogeza milimita 5 kwa mzunguko, kompyuta hutuma mapigo 640 kwa kila milimita. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba kompyuta huhesabu mapigo iliyoyatuma bila kuona meza ilikofika, hivyo mota ikishindwa kufuata, hesabu huendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Uchunguzi huanza kwa geji ya saa, ambayo ni kipimo chenye mshale unaoonyesha msogeo wa sehemu ya mia ya milimita, ikisaidiwa na rula au kalipa kwa masafa marefu. Kosa likikua kwa uwiano na umbali, kwa mfano meza iliyoamriwa milimita 100 ikasogea 80 na iliyoamriwa 50 ikasogea 40, tatizo limo katika mpangilio wa programu: huenda skrubu ni ya milimita 4, na mapigo yanayotakiwa kwa milimita moja ni 800 badala ya 640.

Kosa lisilobadilika, linalojitokeza tu mwelekeo unapogeuzwa, hutokana na ulegevu kati ya skrubu na nati, ambao mafundi huuita plei, au na beringi iliyolegea mwishoni mwa skrubu. Programu inaweza kuongeza mapigo ili kuufidia ulegevu huo, lakini nguvu ya kisu bado huweza kuivuta meza iliyo legevu, kwa hiyo nati hurekebishwa kwanza.

Kosa gumu zaidi ni lile linalojikusanya, ambapo meza ikipelekwa na kurudishwa mara 20, mshale huzidi kuihama sifuri. Kwa kuwa nguvu ya mota ya hatua hupungua kadiri kasi inavyoongezeka, mwendo na uchapuzi vipunguzwe nusu. Kosa likitoweka, mota ilikuwa inazidiwa, na kinachofuata ni kukagua grisi, reli za meza zilizokazwa kupita kiasi na volti zinazofika kwenye kiendeshi. Kosa likibaki, na likiongezeka kwa idadi ya mageuzo bila kujali kasi, huenda ishara ya mwelekeo haitangulii pigo kwa muda wa kutosha, na baadhi ya hatua hupigwa upande usio wake. Likitokea ovyo, hasa mota ya kisu inapowashwa, mashaka yaelekezwe kwenye nyaya za ishara zilizolazwa karibu na nyaya za nguvu. Mstari wa kalamu uliochorwa kukatiza shafti ya mota na kiungo chake nao hufichua mara moja kama kiungo kinateleza.

Kubadilisha mota kabla ya vipimo hivi ni kubahatisha. Inafaa kila karakana iwe na daftari linaloonyesha kosa kwa umbali, kwa mageuzo na kwa kasi, na spana ishikwe baada ya kurasa hizo kujazwa.