Kivuli Kitini: Picha ya Combermere

Katika jimbo la Cheshire, nchini Uingereza, kuna nyumba kubwa ya kale iitwayo Combermere Abbey. Tarehe 5 Desemba, 1891, mwenye nyumba hiyo, Lord Combermere, alikuwa akizikwa. Alikuwa amegongwa na gari la farasi huko London. Siku hiyo hiyo Bibi Sybell Corbet aliweka kamera katika chumba cha vitabu, akaiacha wazi kwa muda upatao saa nzima, maana chumba kilikuwa na mwanga hafifu.

Picha ilipooshwa, palionekana mtu ameketi katika kiti cha marehemu. Kichwa kilionekana, na mkono pia, lakini miguu haikuwapo. Wako waliosema kwamba ndiye marehemu mwenyewe amerudi kwake; wengine hawakuona mfano wake hata kidogo.

Ifahamike kwamba jicho huona mara moja, bali kioo cha picha kilichopakwa dawa hukusanya mwanga polepole. Kiti kisichotikisika kwa saa nzima hutokea wazi. Mtu akiingia, akaketi dakika chache, kisha akatoka, hutokea kama moshi, na kiti huonekana kupitia mwilini mwake. Kiungo anachokitikisa sana chaweza kufutika kabisa.

Bwana William Barrett, mwalimu mkuu wa elimu ya maumbile huko Dublin, alilijaribu jambo hilo. Alimketisha mtu kitini kwa sehemu tu ya muda wa picha, akijisogeza-sogeza, naye akapata kivuli cha namna ile ile. Basi yawezekana mtumishi fulani alipumzika kidogo pale. Waliokataa walijibu kwamba watumishi wanaume wote walikuwa mazishini. Tena, jaribio huonyesha liwezekanalo, wala halithibitishi lililotokea.

Tofauti hiyo ilipata kuamua kesi nzima. Huko Marekani William Mumler aliwatoza wenye misiba dola 10 kwa picha zenye sura za wafu wao, fedha nyingi kwa siku zile. Mwaka 1869 alishitakiwa New York kwa udanganyifu. Mashahidi walieleza njia kadha wa kadha ambazo mpiga picha aweza kuzitumia kufanya hila kama hiyo. Hakimu alisema kwamba yeye mwenyewe aamini hila imefanyika, lakini hakuna aliyeonyesha ni ipi iliyotumika, akamwachilia.