Waya Usioonekana na Testa

Katika nyumba moja ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, Unguja, kulikuwa na taa ya ngazini iliyozidi mwanga kila mpangaji wa chini alipochemsha maji. Haikufifia, kama zinavyofanya taa nyingi jirani akiwasha pasi. Ilizidi. Ami yangu, anayekaa ghorofa ya kwanza tangu mimi mtoto, aliizoea hata ikawa ndiyo saa yake ya chai: taa ikipamba moto, anajua birika la chini limewashwa. Ndani ya mwaka mmoja nyumba ile iliunguza televisheni mbili na friji moja. Mafundi watatu waliitwa, kila mmoja kwa wakati wake. Kila mmoja alichomeka testa kwenye soketi, akaona kitaa kimewaka, akasema moto upo, akabadilisha soketi, akalipwa, akaenda zake.

Hawakusema uongo. Moto ulikuwepo. Lakini testa inajibu swali hilo moja tu. Mkondo mdogo sana hupita kwenye ncha ya bisibisi, ukaingia mwilini mwa fundi na kwenda ardhini, kitaa kikawaka. Kama waya ule unaweza kubeba birika, kama nyutro, waya wa kurudishia umeme, imekaza, kama ethi, waya wa usalama, inafika ardhini, testa haina habari. Nimezunguka na mafundi katika nyumba kongwe kadhaa, na nadhani uchakavu wa nyaya zetu umefuata umbo la chombo hiki. Upande wa moto hutazamwa, hukazwa, hubadilishwa. Nyutro na ethi zimeachwa zioze kwa kuwa kifaa kilichomo mfukoni mwa kila fundi hakizioni.

Ukiitumia kwa akili, hata testa hudokeza. Ikiwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi, moto na nyutro, huku kuna kitu kimewashwa mahali, ujue nyutro imekatika huko nyuma na moto unarudi kupitia kifaa chenyewe. Mafundi wengi huona hali hiyo na kuiita "umeme umechanganyika". Hapo uchunguzi huishia.

Nyumba ya ami ilikuwa ya familia moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali na kugawiwa wapangaji wengi. Vyumba vilivyojengwa kwa ukoo mmoja vikawa na majiko manne, matano. Nyaya hazikugawiwa upya. Kila familia ilipohitaji soketi, waya ulivutwa kutoka kwenye kiungo kilicho karibu, ukafichwa chini ya chokaa bila hata boksi. Kisha ukaja ukame wa umeme wa Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani karibu miezi mitatu kwa hitilafu ya njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Aliyeweza alinunua jenereta ndogo, na jenereta ikaunganishwa kwenye bodi ya nyumba usiku, kwa tochi ya simu. Kipindi kile kilituachia viungo ambavyo hakuna aliyerudi kuvikagua.

Rangi nazo zina mtego wake. Tulirithi utaratibu wa Waingereza: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Penye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, fezi ni nyekundu, njano na bluu. Uingereza yenyewe ilianza kuacha rangi hizo mwaka 2004. Nyutro ikawa bluu, na nyeusi ikawa mojawapo ya fezi. Kebo mpya zikafika madukani kwetu zikiwa na rangi mpya, zikaungwa kwenye nyaya za zamani. Katika bodi ya ami niliona kwa macho yangu nyaya mbili za bluu zimelala bega kwa bega, moja ya zamani yenye moto, nyingine mpya ya nyutro. Kijana aliyefundishwa juzi angeishika ile ya kwanza bila wasiwasi.

Fundi wa nne alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kufundisha umeme; mtaani wanamwita Maalim. Hakufungua soketi hata moja. Alimuuliza ami maswali, kama daktari. Inazidi lini? Ya jikoni nayo inazidi? Mbona hii tu?

"Zile nyingine ni taa mpya, Maalim," ami akajibu. "Hii ya ngazini ndiyo ya zamani, ya uzi."

Maalim akatabasamu. Taa nyingi za LED zina kifaa ndani kinachosawazisha mkondo. Volti zipande zishuke, mwanga hausemi kitu. Balbu ya uzi husema kila kitu. Nyumba ile ilikuwa imebakiwa na shahidi mmoja.

Akaomba birika la chini lizimwe, akapima fezi zote tatu za nyumba kwenye bodi: volti 230 na ushei kila moja. Birika likawashwa. Fezi ya chini ikashuka hadi 200, zile mbili zikapanda hadi karibu 246. Mimi niliona namba tu, yeye alishamaliza. Fezi tatu zinakutana kwenye nyutro moja, na nyutro hiyo ndiyo inayozuia volti zisivutane. Ikilegea, mzigo mkubwa wa upande mmoja huburuta sehemu ya katikati kuuelekea, na wengine wanazidishiwa. Ikikatika kabisa, hali ni mbaya zaidi: balbu ya wati 60 ikibaki na birika la wati 2,000 kati ya fezi mbili, balbu hupata karibu volti 390 katika 400 zilizopo. Televisheni za wapangaji zilikufa kwa njia hiyo au jirani yake.

Alizima meini swichi, akathibitisha kwa mita, ndipo akafungua. Skrubu ya nyutro kuu ilikuwa nyeusi na plastiki iliyoizunguka imevimba. Chini ya skrubu kilibaki kipande cha waya, urefu wa punje ya mchele, kilichokatwa kwa koleo. Maalim alikitoa kwa ncha ya bisibisi, akakiweka kiganjani mwa ami. "Hii ni jenereta yako." Mtu alifungua skrubu kuingiza waya wa jenereta, umeme uliporudi akaukata badala ya kuutoa, na kile kisiki kikaizuia skrubu kuubana waya mkuu. Chumvi ya hewa ya bahari ikafanya yaliyobaki.

Kwa nini fyuzi haikukatika miaka yote hiyo? Kwa sababu fyuzi hukatwa na mkondo uliozidi, na kiungo kibovu hupunguza mkondo. Volti 30 zilizopotea pale, mara ampea saba na nusu za birika, ni wati 225: joto la karibu balbu nne za wati 60 juu ya skrubu moja, ndani ya boksi la mbao. Hilo halionekani popote mpaka linuke.

Kazi ile ilichukua saa moja na nusu, na dakika kumi tu ndizo zilizokuwa za kukaza kitu. Hapa ndipo ufundi wetu ulipoporomokea, na silaumu mafundi peke yao. Tunalipa kwa kilichobadilishwa. Fundi akija na soketi mpya tunaona pesa yetu. Akija akapima, akaandika, akaondoka, tunasema hakufanya kitu. Mashine ya mega, ile ya kusukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa ili kuona kama ganda lake bado linazuia, haina wa kuilipia. Maalim alikuja nayo. Nyaya za ghorofani zilipita vizuri. Zile za chini, zilizomo ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe unaonyonya maji na chumvi, zilisoma megaohmi 0.2, wakati kiwango cha chini ni 1.

Kisha akapima ethi, na ethi haikuwepo. Ilikuwa imefungwa kwenye bomba la maji la chuma, kama walivyofanya wengi zamani. Bomba lilibadilishwa kuwa la plastiki, na fundi bomba hakuwa na sababu ya kujua kwamba amekata waya.

Wapangaji walichangishana pesa za nyutro siku ile ile. Nondo mpya ya ethi na nyaya za chini walisema mpaka baada ya Idi, na Idi imepita. Taa ya ngazini imetulia. Friji mpya ya chini bado inasisimua vidole, na mwenyewe huifungua kwa ncha ya kanga.