Maumivu sugu ya mgongo: si ngiri, wala maji hayajakauka

Maumivu ya mgongo huitwa sugu yakipita miezi 3. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Mwakitolyo nchini Tanzania huanza na kazi: kuinama ndani ya duara (shimo la kuchimbia), kubeba viroba vya mawe hadi karasha (mashine ya kusaga mawe), kuosha mchanga mwaloni kutwa. Mara nyingi msuli hupona, maumivu yakabaki.

Sababu iko kwenye neva. Taarifa za maumivu hupitia uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo. Zikipita kwa muda mrefu, seli za neva za hapo huwa nyepesi kushtuka, hata kuinama kufunga kamba za viatu hupokewa kama jeraha. Ubongo nao, ambao kwa kawaida huzituliza seli hizo, hulegeza kazi hiyo. Hofu hukaza misuli, misuli iliyokaza huuma, na maumivu huzidisha hofu. Usingizi ukipungua, hali huwa mbaya zaidi.

Yoga na utulizaji wa misuli hulenga mzunguko huo. Katika zoezi mojawapo la yoga, mtu hupiga magoti na kuweka viganja chini. Akivuta pumzi hushusha mgongo, akiitoa huupandisha. Mwendo huo wa polepole huuzoesha ubongo kwamba kuinama si hatari. Utulizaji wa misuli, uliobuniwa na daktari Edmund Jacobson wa Marekani, hufanywa mtu akiwa amelala chali: kwa kufuata sauti ya mwelekezaji hukaza nyayo sekunde chache, huachia, kisha mapaja, tumbo, mabega hadi uso.

Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliziweka njia hizi miongoni mwa tiba za kuanza nazo kabla ya dawa. Si muujiza: nafuu ya yoga ni ya kiasi, na haipishani sana na ya mazoezi mengine ya mgongo.

Hata hivyo, stendi na minadani watu bado huambiwa wana ngiri, au maji ya mgongo yamekauka, wakauziwa chupa za dawa. Ngiri ni utumbo kupenya ukuta wa tumbo. Haikai kwenye pingili za mgongo. Na kuhusu maji kukauka, picha ya diski (mito iliyo kati ya pingili) zilizochakaa nayo si hukumu: uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha uchakavu huo kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote. Mikanda ya kiuno pia haipendekezwi katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023.

Mazoezi yafanywe kila siku, bila kulazimisha mkao unaochoma. Mwenye homa, jasho la usiku, kukonda, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo aende hospitali kwanza. Kwa mchimbaji hili ni zito zaidi: vumbi la mwamba huongeza hatari ya kifua kikuu, nacho hushambulia hata pingili za mgongo. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.