Akaunti tatu, watu wanane: hesabu ya vita vya klani

Kijana wa Igalula, wilayani Uyui mkoani Tabora, anayecheza Clash of Clans anaweza kumiliki akaunti tatu kwenye simu moja. Kampuni ya Supercell inaruhusu, na kuhama kutoka akaunti moja kwenda nyingine ni suala la sekunde chache. Geimu nyingine hazikubali: Travian, iliyoanza Ujerumani mwaka 2004, humzuia mtu kuwa na akaunti zaidi ya moja katika dunia moja ya mchezo, ingawa watu wawili wanaweza kuiendesha akaunti moja kwa pamoja. Penye ruhusa, swali ni gharama. Akaunti ya pili inadai nini, na klani, yaani timu ya mchezaji, inapata nini?

Tuanze na fedha, maana ndiyo nyepesi. Tiketi ya dhahabu ya kila msimu, yaani kila mwezi, ilipoanza mwaka 2019 iliuzwa dola 4.99 kwa akaunti moja, na baadaye ikapanda. Hata kwa bei hiyo ya mwanzo, akaunti tatu ni dola 14.97 kwa mwezi na dola 179.64 kwa mwaka. Kwa mchezaji wa Uyui hiyo si fedha ya kuchezea. Ushauri wangu ni mmoja: kama lazima ulipe, lipia akaunti moja tu.

Muda ndio mgumu. Vita vya kawaida vya klani vina saa 23 za maandalizi na saa 24 za mapigano. Kila kijiji, yaani kila akaunti, kina mashambulizi mawili, na shambulizi halizidi dakika 3. Ukiongeza dakika 10 za kukagua ngome ya adui na kupanga jeshi, shambulizi moja linakula dakika 13. Akaunti moja ni dakika 26, tatu ni dakika 78. Gharama hii hupanda sawasawa na idadi ya akaunti, haina punguzo la jumla.

Mawasiliano hayapandi hivyo. Klani ya watu 15 wenye kijiji kimoja kila mmoja ina jozi 105 za watu wanaoweza kukinzana juu ya nani ampige nani. Vijiji hivyo 15 vikiwa mikononi mwa watu 5, jozi ni 10 tu. Mashambulizi yamebaki 30, nyota za juu kabisa, tatu kwa kila kijiji cha adui, zimebaki 45, lakini mabishano yamekatwa zaidi ya mara kumi. Hapa ndipo mchezo wa peke yako unapoinufaisha timu: mtu mmoja akiongoza vijiji vitatu, hahitaji kujitumia ujumbe.

Faida hiyo ina deni lake. Simu ya mmoja ikiishiwa chaji siku ya vita, klani ya watu 15 inapoteza mashambulizi 2 kati ya 30, karibu asilimia 7. Klani ya watu 5 inapoteza 6, asilimia 20 kamili. Na kupunguza akaunti hakusaidii: watu 5 wenye vijiji viwili viwili wana mashambulizi 20, na asiyeonekana anaondoka na 4, ambayo ni asilimia 20 ile ile. Hatari inafuata idadi ya watu.

Hesabu hii ya kugawanyika au kuungana ilishafanywa kwa miguu katika ardhi hii hii. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa New York Herald, aliugawa msafara wake wa watu 192 katika mafungu matano. La kwanza liliondoka Bagamoyo tarehe 18 Februari, la mwisho tarehe 21 Machi, siku 31 baadaye. Fungu la tatu lilikwama njiani kwa sababu kiongozi wake, William Farquhar, aliugua: mtu mmoja akaanguka, mizigo yote iliyo chini yake ikasimama. Kisha ikaja Ugogo, nchi ya kiu na ya hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtemi. Karibu na Mpwapwa Stanley aliungana na misafara ya Waarabu, wakavuka pamoja wakiwa watu wapatao 400. Walipita Tura na Kigwa, ambazo leo zimo katika jimbo la Igalula, na tarehe 23 Juni akaingia Kwihara, jirani na Tabora. Alijitenga pale alipoweza kwenda kwa mwendo wake, akajiunga pale ambapo uchache ulikuwa hatari. Naona ni uamuzi wa busara kuliko mtu anayeng'ang'ania njia moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa vita vya vijiji 15, basi, mimi ningechukua watu 8: saba wenye vijiji viwili viwili, mmoja mwenye kimoja. Jozi za mawasiliano ni 28. Asipopatikana mmoja, klani inapoteza mashambulizi 4 kwa kawaida, asilimia 13. Kila mwenye vijiji viwili anatumia dakika 52 ndani ya saa 24, muda anaoweza kuugawa asubuhi na jioni. Akaunti ya tatu ibaki nje ya vita, ya kuvuna dhahabu na kujaribu majeshi mapya wakati wowote mtandao unaposhika, kwa sababu huko hakuna mwenzako anayekusubiri.